Mto wa Mchanga katika Daftari la Kiingereza



Ndugu zetu wasomaji, na hasa mama zetu na dada zetu ambao ndio walimu wa kwanza wa kila nyumba. Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), juma hili tumeona tuzungumze juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni ile insha ya Kiingereza ambayo mtoto huagizwa kuja kuiandika nyumbani. Huambiwa aeleze mji wao, aeleze nyumba yao, aeleze yanayopita kwao tangu alfajiri hadi usiku. Hakuna mwanafunzi wa Kiingereza asiyepewa kazi hii, kwa kuwa hiyo ndiyo njia ya kumzoesha mgeni wa lugha: aanze na vitu avijuavyo, kisha avitafutie majina mapya.

Jambo hili tumelipima sana tangu likizo ya shule iliyopita, tulipowazuru ndugu zetu wa Kitui na Makueni na kusomesha kwa muda katika madrasa zao. Tuliyoyaona huko yanawahusu wazazi wa Mombasa, Lamu na Malindi sawasawa na wazazi wa huko. Kwa hiyo tunaomba mtusikilize.

Wengi wetu twapita Makueni bila ya kuijua. Msafiri wa Mombasa aendaye Nairobi huingia Makueni afikapo Mtito Andei, akapita Kibwezi, Makindu na Emali, na aghalabu huwa usingizini. Kitui iko upande wa mashariki, nayo hufikiwa kwa kuiacha barabara kuu pale Kibwezi na kushika njia ya Mutomo. Hii ni nchi ya Wakamba, nchi ya mibuyu na migunga, ya mawe makubwa na udongo mwekundu. Kwetu sisi wa pwani si nchi ya mbali hata kidogo. Pojo tunazozipika kwa nazi, ambazo bara huitwa ndengu, nyingi hutoka huko. Asali ya Kitui inajulikana nchi nzima. Maembe ya Makueni hujaza masoko yetu, na miongoni mwake imo ngowe, embe ambayo asili yake ni huku kwetu. Hata maji ya Mzima yanayokuja Mombasa kwa mabomba, asili yake ni mvua inayonyesha juu ya milima ya Chyulu iliyo mpakani mwa Makueni. Na huo mji wa Makindu, yasemekana jina lake limetokana na mikindu, miti ile ile ambayo mama zetu huchukua ukindu wake wakasuka mikeka ya kuswalia.

Udugu nao ni wa zamani. Katika karne ya 19 misafara ya Wakamba ilikuwa ikiteremka Mombasa na pembe, na wafanyabiashara Waswahili wakipanda bara na nguo na shanga. Wapo Wakamba waliokaa Rabai na sehemu za Kwale wakawa wenyeji, na wapo Waswahili waliokaa bara wakaoa na kuzaa huko. Waislamu wa Kitui na Makueni leo ni wachache, lakini wana misikiti na madrasa zao, na watoto wao wana mzigo wa lugha ambao wachache wetu tungeuweza. Nyumbani husema Kikamba. Sokoni na msikitini husema Kiswahili. Madrasa husoma Kiarabu. Shuleni, kuanzia Gredi ya Nne, karibu masomo yote huwa kwa Kiingereza. Mtoto wa miaka kumi anabeba lugha nne, wala hatujamsikia hata mmoja akilalamika.

Basi tuitazame hiyo insha yake. Tulipokuwa huko, watoto walituletea madaftari yao tuwasaidie, nasi tukasoma insha nyingi juu ya mji wao na maisha yao ya kila siku. Kiingereza chao kilikuwa kizuri kuliko tulivyotarajia. Ila jambo moja lilitushangaza, kwamba miji waliyoieleza ilikuwa mmoja. Kila insha ilianza kwa jua kung'aa katika anga la samawati lisilo na wingu. Kila nyumba ilikuwa na paa jekundu na bustani ya waridi mbele yake. Kila asubuhi ilikuwa na mkate, mayai na maziwa mezani. Jumapili kila familia ilikwenda kukaa kwenye majani mabichi, ikala na kurudi. Tulipouliza maneno haya yalipatikana wapi, tuliambiwa kwamba huhifadhiwa kutoka katika vitabu vya mazoezi, kwa sababu ndiyo yanayoleta alama.

Hatuna ugomvi na kuhifadhi, maana sisi wenyewe ni watu wa kuhifadhi. Lakini tuzingatie hilo anga lisilo na wingu. Ukambani kuna misimu miwili ya mvua, na ile ya kutegemewa ni ya vuli, kuanzia Oktoba hadi Desemba. Wakulima hupanda mbegu kwa kuitazamia. Novemba ikiingia na anga la samawati lisilo na wingu, hakuna mzazi wa Kitui anayelisifu anga hilo. Huwa anahesabu magunia yaliyosalia ghalani, na Waislamu huwa wanajiandaa kuswali swala ya kuomba mvua. Kwa mtu wa Uingereza, ambaye mvua imemchosha, jua ni neema, naye amesema kweli kwa hali yake. Mtoto wa Kitui akiazima sentensi hiyo, huwa anaandika kwa furaha juu ya jambo ambalo baba yake analiogopa, na pengine yeye mwenyewe hajui kwamba amefanya hivyo.

Sasa tueleze yaliyompata mama mmoja, nasi tumepata ruhusa yake bila kumtaja jina. Mama huyu ni mjane. Huuza ndengu na muthokoi sokoni. Kwa wasioijua, muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa kinuni hadi yakatoka maganda, kisha yakapikwa na maharagwe au mbaazi. Ni jamaa wa pure yetu. Mama huyu hakusoma shule. Binti yake yuko Gredi ya Sita, naye alileta insha iliyopata alama za juu kuliko zote darasani. Mama alifurahi sana. Alikuja nayo hadi kwenye baraza ya msikiti, daftari likiwa limefungwa ndani ya leso, akatuambia: “Sheikh, nisomee. Nataka kujua mwanangu amesema nini juu yetu.”

Tuliifungua tukaisoma kimya kwanza. Mama aliyemo katika insha ile alikuwa karani wa ofisi kubwa, mwenye gari, aliyekuwa akirudi jioni na peremende katika mkoba wake. Baba alikuwa hai. Kazi ya kufasiri ni amana, wala hatukuona kuwa ni haki yetu kupunguza wala kuongeza. Tukamwita binti, naye alikuwa karibu, tukamwambia: “Maneno ni yako. Mfasirie mama yako mwenyewe, kwa Kikamba.”

Alifasiri mistari mitatu au minne, akanyamaza. Mama yake akamtazama, akamuuliza taratibu, bila hasira: “Huyo mwanamke ni nani?” Binti hakujibu. Mama akauliza tena: “Na punda wetu umemweka wapi?” Hapo binti akasema kwa sauti ndogo: “Mwaitu, mwalimu hapendi punda.”

Hatukujua kama mwalimu amewahi kusema hivyo. Yawezekana hakusema kabisa, kwani walimu wengi tuliokutana nao ni watu wa busara na huruma. Lakini mtoto alikuwa ameyaelewa mambo kwa namna hiyo: kwamba Kiingereza ni chumba cha wageni, na punda haingizwi katika chumba cha wageni. Na kwa kuwa punda hakuingizwa, mama anayemswaga punda alibaki nje naye, na baba aliyefariki akafufuliwa kwa ajili ya alama.

Mabibi na mabwana, hili ndilo lililo mbele yetu. Twaogopa, na tuna haki ya kuogopa, kwamba watoto wetu watakosa Kiingereza na wakose kazi. Lakini iko hasara nyingine inayoingia polepole, nayo ni mtoto kuipata lugha na kumwonea haya mzazi kwa wakati mmoja, kutoka katika daftari moja. Mzazi asiyejua kusoma hataambiwa. Atafurahia alama, na alama ile ni ya nyumba ambayo yeye hamo.

Twaweza kuulizwa: Je, si insha tu? Si ruhusa mtoto kubuni? Twajibu kwamba hekaya ni jambo jingine. Msimulizi akisema “paukwa” na wasikilizaji wakajibu “pakawa”, wote wamekubaliana kuwa hiyo ni hadithi, wala hapana aliyedanganywa. Lakini mtu akiulizwa, “Kwenu kukoje?”, huko ni kutakwa habari, na habari ina haki yake. Kueleza mahali kwa anayeuliza ni namna ya ushahidi. Mtume wetu (S.A.W.) aliporudi katika safari ya Israa, Makureshi walimkadhibisha, wakamtaka aieleze Baitul Maqdis jinsi ilivyo. Imepokewa katika hadithi sahihi kwamba Mwenyezi Mungu alimdhihirishia nyumba ile, akawa anawaeleza alama zake huku akiitazama. Hoja yake mbele ya wapinzani ilikuwa ni sifa za mahali, zilizosemwa kama zilivyo. Naye Bilal (R.A.), alipopatwa na homa Madina katika siku za mwanzo za Hijra, alitamani bonde la Makka akayataja hata majani yanayoota huko. Hakuona haya kuyataja majani ya mwituni. Mtu hupakumbuka kwao kwa vitu vya kwao.

Na iwapo kuna yeyote anayedhani kwamba dunia haina haja ya habari za mahali kama Kitui, tumkumbushe kisa cha mwaka 1849. Katika mwaka huo Mjerumani mmoja mmishonari, Ludwig Krapf, aliyekuwa akikaa Rabai, alipanda Ukambani akawa mgeni wa Kivui Mwendwa, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui ambaye misafara yake ilifika pwani. Krapf alikuwa amejifunza Kiswahili kwa njia ile ile tunayoizungumza, yaani kwa kuwauliza wenyeji majina ya vitu vyao na mambo yao ya kila siku, akiyaandika, hata akakusanya kamusi iliyochapishwa mwaka 1882, baada ya kufa kwake. Kivui alimweleza habari za milima mirefu yenye weupe kileleni. Na tarehe 3 Desemba 1849, akiwa Kitui, Krapf akauona kwa macho yake mlima ambao leo twauita Mlima Kenya. Jina lenyewe aliliandika kama alivyolisikia kwa Wakamba, na kutokana na matamshi hayo mlima ukajulikana ulimwenguni, na baadaye nchi nzima ikaitwa hivyo.

Ilipofika Ulaya habari ya kuwa kuna theluji karibu na ikweta, wako wataalamu walioikataa. Aliyeshikilia sana kuikanusha alikuwa William Desborough Cooley wa London, mtu aliyekuwa ameandika mengi juu ya Afrika na hakupata kukanyaga Afrika Mashariki. Alikuwa na vitabu vingi na Kiingereza fasaha. Mkamba wa Kitui hakuwa na kitabu, ila alikuwa ameuona mlima. Mwishowe wasafiri wengine walikwenda, wakaona, na ukweli ukabaki kwa Mkamba. Basi mtoto wa Kitui anayeandika leo juu ya bustani za waridi ambazo hajaziona, ameacha nafasi ya Kivui akaenda kukaa katika nafasi ya Cooley.

Turudi kwa punda. Alikuwa na kazi gani? Alikuwa akichukua maji mtoni. Na mto wenyewe ukoje? Hapa ndipo binti yule na mama yake walipokaa, siku ya pili yake, kuandika upya, nasi tukiwa pembeni na kamusi. Binti alijua kuwa mto kwa Kiingereza ni “river”. Lakini kila kitabu cha Kiingereza alichosoma kilikuwa na mto wenye maji yanayotiririka, samaki na mashua. Mto wao kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mchanga mtupu, mweupe, mpana kama barabara. Maji yako chini. Mama huondoka kabla ya adhana ya alfajiri, akachimba mchangani, akangoja maji yajikusanye polepole, akayateka kwa kibuyu hadi mitungi ikajaa. Kisima hicho huzungushiwa matawi ya miiba ili wanyama wasikichafue. Kwa kuwa maji huja kidogo kidogo, wanawake hupeana zamu, na kwenye zamu hiyo ndipo wanapopata habari za aliyejifungua, aliyefiwa na aliyeposwa. Mama alieleza haya yote kwa Kikamba kwa muda wa nusu saa, na binti akiuliza. Mengine hata yeye hakuwa akiyajua, kama vile namna mama anavyojua mahali pa kuchimba kwa kutazama miti ya kandoni.

Neno moja la Kiingereza la kueleza kungoja maji yajikusanye hatukulipata. Binti akatumia maneno sita, na sentensi ikakaa vizuri. Hapo alijifunza Kiingereza zaidi kuliko alipokuwa akinakili waridi, kwa sababu alikuwa na kitu mkononi akikitafutia jina.

Nao mto huo wa mchanga si jambo la kuona haya hata kidogo. Tangu miaka ya 1990 wananchi wa Kitui wamejenga mamia ya mabwawa ya mchanga. Ukuta wa mawe na saruji hukingamishwa mtoni. Mvua kubwa zinapoleta mafuriko, mchanga hutua nyuma ya ukuta mwaka hadi mwaka, na maji hubaki katikati ya chembe zake, mahali ambapo jua haliyafikii upesi na mbu hawazai. Wanawake waliokuwa wakitembea saa nyingi kutafuta maji wamepunguziwa mwendo, na bustani za mboga zimeota kando ya mito. Wataalamu wamekuja kutoka Ulaya kuyatazama mabwawa haya na kuandika juu yake, kwa Kiingereza, na mafunzo yake yamepelekwa katika nchi nyingine kame. Kwa hiyo yule mtoto anayeuficha mto wake katika insha, anaficha kitu ambacho wengine wamefunga safari kuja kukisoma.

Pasiwe na atakayetuelewa vibaya kwamba twapinga Kiingereza. Imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alimwamuru Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi ili aweze kusoma barua zao na kuzijibu, naye akayamudu kwa muda mfupi. Qur'ani tukufu imetufundisha kwamba kutofautiana kwa lugha zetu ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Katiba yetu ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na Kiswahili na Kiingereza kuwa lugha rasmi, na imeitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wenyeji. Mtoto asiyejua Kiingereza leo atasomewa mkataba asiouelewa, na mama asiyekijua huandikiwa cheti cha hospitali akasubiri jirani amfasirie. Twataka watoto wetu wakijue, tena wakijue sana.

Na mfano hauko mbali. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 hadi alipofariki 1947, alianzisha Mombasa magazeti ya Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, akiwaandikia watu wake kwa Kiswahili juu ya mambo yao. Mwanawe, Profesa Ali Mazrui, aliyezaliwa Mombasa mwaka 1933, alikuwa mmoja wa wasemaji hodari kabisa wa Kiingereza katika Afrika. Mwaka 1986 alieleza habari za bara zima katika mfululizo wa filamu za televisheni za sehemu tisa. Kiini cha maelezo yake kilikuwa ni kukutana kwa mambo matatu: asili ya Kiafrika, Uislamu, na yaliyotoka Magharibi. Aliyezaliwa Mombasa huyaona matatu hayo tangu utotoni, baina ya nyumba, msikiti na shule. Kiingereza chake hakikumtoa kwao, na alipofariki Marekani mwaka 2014 alirudishwa akazikwa Mombasa.

Sasa tuseme yanayoweza kutendeka, nayo tunawaelekeza hasa mama zetu, maana kazi ya nyumbani hufanywa jikoni zaidi kuliko sebuleni.

Kwanza, mtoto akija na insha ya kueleza kwao, asiambiwe, “Mimi sijui Kiingereza, ngoja kaka yako.” Aambiwe, “Kaa nikueleze.” Mama anayo habari, na mtoto anayo lugha. Kila mmoja ana nusu ya insha. Aeleze kwa Kikamba, kwa Kiswahili, kwa Kibajuni, kwa lugha yoyote ya nyumba, naye mtoto aulize mpaka aelewe, ndipo ashike kalamu.

Pili, mtoto afundishwe kuanza na vitu. Badala ya kusema mji wetu ni mzuri, ataje kinachouzwa sokoni siku ya soko, nani hukiuza, kimeletwa na nini, na harufu yake. Mtoto wa Wote aandike juu ya malori ya maembe, mtoto wa Kibwezi juu ya mashamba ya mkonge, mtoto wa Lamu juu ya majahazi na chelezo. Uzuri utaonekana wenyewe.

Tatu, jina ambalo Kiingereza hakina, liachwe kama lilivyo, kisha lielezwe kwa sentensi moja. Muthokoi ni muthokoi. Kyondo ni kyondo. Waingereza wenyewe wamechukua neno “safari” kutoka kwetu, wala hakuna aliyewacheka.

Nne, insha ikisharudi kutoka shuleni, mtoto aisome mbele ya wale aliowaandika, awafasirie. Hii ni adabu na ni mtihani pia. Akiwa hawezi kuyasoma maneno yake mbele ya mama yake, basi kuna la kurekebisha katika maneno hayo.

Na kwa walimu wetu, ambao twawaheshimu na twajua wingi wa watoto walio nao darasani, tuna ombi moja. Mtoto akileta punda, apokelewe. Makosa ya sarufi yasahihishwe kwa wino mwekundu kama kawaida, lakini pembeni aandikiwe neno la kumshukuru kwa alichokiona.

Maana lazima tuwaambie pia yaliyoifika insha ya pili ya yule binti. Ilipata alama chache kuliko ile ya kwanza. Makosa yalikuwa mengi, kwa sababu sentensi zilikuwa zake mwenyewe na hapakuwa na mahali pa kuzinakili. Kando ya mto wa mchanga mwalimu, ambaye ni mgeni katika sehemu zile, aliweka alama ya kuuliza. Binti alisimama darasani akamweleza mto wao ukoje, kwa Kiingereza, bila ya daftari, na darasa zima likimsaidia kwa maneno. Mama yake alitupasha habari hizi kwa simu. Insha ya kwanza haijui ilipo. Ya pili ameiweka ndani ya kasha pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto na hati ya shamba la marehemu mumewe.

Haya si malipo ya kumlisha mtu, nasi twajua kwamba alama zina uzito katika maisha ya mtoto wa mjane. Kwa hiyo kazi haijaisha. Binti yule atahitaji kuandika insha ya tatu na ya nne, sarufi yake inyooke huku punda wake akibaki. Hili lawezekana, nalo lataka uvumilivu wa mzazi na mwalimu pamoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awape watoto wetu wa Kitui, wa Makueni na wa pwani yote ndimi fasaha na nyoyo zenye kusema kweli, awateremshie ndugu zetu wa Ukambani mvua yenye manufaa katika msimu wake, na awarehemu baba zetu na mama zetu waliotutangulia. Amin.

Juma lijalo, inshallah, tutajibu barua za dada zetu walioulizia malezi ya mayatima na ulinzi wa mali zao. Hadi wakati huo, wabillahi tawfiq.